Mbuzi Walio Njiani

Siku hiyo mjinga alikuwa Nyamai, na tusimtafutie wakili. Mtu anauza mbuzi soko la Mutomo mwaka mzima, mbuzi wa kila rangi na kila tabia, lakini ameishi na Syokau miaka tisa bila kupeleka hata mkia kwa baba mkwe kule Kalamba. Na kwa Wakamba, mwanamke ambaye mbuzi wake wa ntheo, wale wa kufungulia mahari, hawajafika kwao bado hajaolewa. Ni mgeni tu aliyekawia, hata akizaa timu nzima ya mpira.

Syokau alikuwa amesema mara moja, bila kelele: "Baba anazeeka. Desemba ikipita hivi, mimi na Mbithi tunarudi Kalamba." Mbithi ni mtoto wao.

Nyamai akafikiria, akapata dawa. Si mbuzi, raha! Mtoto akaachwa kwa nyanya yake, na Syokau akapelekwa Kitui mjini wikendi nzima, kama wale watu wa kwenye kalenda.

Jumamosi walianza na pilau hotelini kwa Mishi, Syokau akala mpaka akafungua kifungo. Kisha wakaingia maonyesho ya picha. Syokau alisimama kitambo mbele ya mwanamke aliyechorwa akisuka kiondo. Nyamai yeye alisimama mbele ya beberu, akimweleza mchoraji, dada mmoja anayeitwa Fahima, kwamba beberu wa kwato kama hizo hawezi kufika sokoni kwa miguu yake. Fahima akacheka, akawaambia saa tisa kuna mchezo wa kuigiza ukumbi wa pili.

"Kumbe watu hukaa raha hivi," Syokau akasema. Nyamai akajua Desemba imesahaulika.

Jukwaani, kijana alikuja kuomba mchumba. Alibeba mkate, sukari na kreti ya soda. Baba ya msichana akapokea, akatabasamu, akasema, "Mwanangu, mke ni wako."

Damu ya Nyamai ikachemka. Akasimama.

"Ngojeni! Mzee, unatoa msichana kwa soda? Ntheo iko wapi? Mbuzi watatu, na wawe wazima! Mwanaume asiyepeleka mbuzi hana mke, ana mgeni!"

Ukumbi ukapiga makofi. Mwigizaji, mjanja yule, akavua kofia.

"Asante, mzee mwenzangu. Hebu tufundishe. Wewe kwa wakwe zako ulipeleka wa aina gani?"

Nyamai angedanganya, lakini Syokau alikuwa hapo kando, akimtazama kama sufuria ya maziwa inayokaribia kumwagika.

"Wa... wako njiani."

"Walitoka lini?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma.

Syokau akainua vidole tisa.

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mchezo wenyewe ukasimama kwanza.

Walipotoka nje, Nyamai alikuwa amelowa jasho. Kicheko hakikumuuma sana, amezoea sokoni. Kilichomuuma ni kwamba kila neno alilosema mle ndani alikuwa akiliamini.

"Umeniaibisha, Mama Mbithi."

"Mimi? Mimi nimeleta vidole. Mdomo umeuleta wewe."

Wakatembea kidogo. Nyamai akakohoa, akasimama.

"Nitawapeleka. Haki ya Mungu, nitawapeleka. Kesho nampigia mzee simu apange siku."

Syokau akamgeukia taratibu. Uso ulikuwa umeanza kufunguka, na mwanaume mwenye akili angenyamaza hapo.

"Ila," Nyamai akaendelea, "tungoje mvua kidogo. Ukame huu umeacha mbuzi mbavu tupu. Mimi mfanyabiashara, nitampelekea mzee mifupa? Watu wa Kalamba watasema nini?"

"Hata wewe ulikuwa mbavu tupu siku nilipokuchukua, Baba Mbithi, na sikungoja mvua."