Jina la Kuandika Kwenye Folda

...na folda ikikosewa jina tangu mwanzo basi kila faili itakayoingia humo itabeba kosa lile lile, ndivyo programu hii ilivyo, unaionyesha njia mara moja tu, baada ya hapo video ikitoka kwenye kamera inajua pa kwenda na inajipa jina yenyewe, tarehe, kistari, mtoa alama, kistari, neno, tarehe nimeweka, neno nimeweka, tunaanza na "maji", imebaki sehemu ya mtoa alama, yule anayesema neno kwa mikono, na hapo mpigapicha, katika kujaribu mitambo, ameandika BUBU, herufi kubwa, wala hana ubaya, ndivyo yeye anavyosikia watu wakimwita mama yangu mtaani, lakini kamusi ya lugha ya alama ikitoka, kila video yake ingefunguka kwa neno hilo... "Tuko tayari?" anauliza mpigapicha nyuma yangu, bado kidogo, namwambia, na ng'ambo ya kioo mama amekaa chini ya taa, kitambaa kipya kichwani, mikono mapajani, ametulia kuliko sisi sote, mama ambaye hasikii lakini neno hilo analijua, midomo ya mtu inakutana mara mbili, bu, bu, alilijua hata siku ile kliniki, muuguzi aliponiuliza mimi, mtoto nisiyefikia hata urefu wa meza yake, Bubu anaumwa wapi, nikatafsiri, nikaliruka lile neno, na mama akanishika bega tu, nilijua ameliona... "Taa hizi zinachoma, mama wa watu atatoka jasho," nakuja, nakuja, ati atoke jasho yeye, aliyesimama saluni miaka yote hiyo akisuka vichwa vya watu, wateja wakidhani ni mtu wa kimya, kumbe alinyamaza kwa sababu mikono ilikuwa kazini, akifunga msuko wa mwisho ndipo anageuka na umbea wote unamwagika, na kwenye chumba cha nyuma, kati ya ndoo na makopo ya mafuta, watoto viziwi wa mitaa yote walikaa kwenye zulia akiwafundisha kusema njaa, kesho, sitaki, ndiyo maana watu wa kamusi kila walipouliza alama hii umeitoa wapi, watoto wale, sasa vijana, walinyoosha kidole upande wetu, upande wetu, jamani, nafuta herufi ya kwanza, ya pili, zote, panabaki patupu, naandika MAMA, halafu nasita, mama ni wa kwangu mimi, atakayefungua video hii atajuaje ni mama wa nani, na mbona najiamulia tena, kama kule kliniki, mtu mwenyewe si yule pale... nawasha taa ya mezani na kuizima, anainua uso, namuuliza kwa mikono, nikuandike nani, anacheka, kisha ananiandikia hewani kwa vidole, herufi moja moja, polepole, kama mwalimu na mwanafunzi mzito, jina lake, la baba yake, na la babu yake pia, sikujua kama la babu hulitumia, sijawahi kumsikia mtu yeyote akimwita hivyo, nachapa nilivyoona, programu inauliza kama itengeneze folda, ndiyo, na nakala kwenye diski ya pili, ndiyo, mpigapicha ameinama begani kwangu anasoma kwa sauti, jina zima, mpaka mwisho, "Kumbe anaitwa hivi," anasema, "hivyo hivyo," namjibu, huku nikijifuta machozi, si ya huzuni, natamani kila aliyepita mlangoni mwa saluni ile angepita hapa asome, na mama kaniona, hakuna kinachompita, anauliza tangu lini kuandika jina la mtu kukaliza watu, namwambia ni taa, anasema taa kali zote ziko huku kwangu, anaweka kola yake sawa, anainua mikono usawa wa kifua, anangoja, taa nyekundu ya kamera bado haijawaka...