Diski Kwenye Ndoo ya Mbegu

Inosenti, dereva mstaafu wa watalii, alikuwa na picha za simba nyingi kuliko ng'ombe wa wafugaji wa Endulen, zote kwenye kompyuta moja, na aliogopa zisije zikapotea. Kiangazi kizima alichagua programu ya kuzihifadhi kama mtu anayemchagulia binti yake mchumba. Hii inapeleka kila kitu mtandaoni. Nani anamjua anayekaa huko? Ile ni ya bure mpaka uizoee. Mwishowe akapata moja inayonakili kompyuta nzima, jinsi ilivyo, kwenye diski ndogo ya nje.

Diski hiyo akaifunga kwenye nailoni na kuizika ndani ya ndoo ya maharage ya mbegu, maana kijijini kwao Endamarariek hata mwenye njaa hagusi mbegu.

Mvua za vuli zikaja na radi, kompyuta ikaungua. Inosenti akacheka tu, akaenda stoo. Ndoo haikuwepo.

"Nimempa Selestina," alisema mkewe, Cresensia. "Jirani akikosa mbegu, utamnyima?"

Inosenti akatoka mbio. Akamkuta Selestina ameikalia ile ndoo, anachambua mboga.

"Kile kidude cheusi kipo?"

"Kipo, shemeji! Dawa yako ni kiboko. Sijaona mdudu hata mmoja."

"Siyo dawa! Kompyuta imeungua na radi, ndiyo kompyuta yangu nzima hiyo!"

Selestina akamtazama kwa huruma, kisha akajikalisha vizuri zaidi.

"Utaipata nikishapanda, mwezi wa tatu. Kompyuta yako imeshakufa, shemeji. Maharage yangu bado yako hai."