Kasoro Iliyodai Jina la Mke Wangu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama wodini, na mgonjwa kitandani ni simu yangu ya mkononi, imefunikwa shuka hadi kifuani. Kando yake ameketi kiumbe mwenye miguu sita, amevaa koti lililopigwa pasi.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndimi kasoro uliyoilalamikia."

"Marahaba," nikaitika. Adabu kwanza, hasira baadaye.

Mke wangu alifariki mwaka jana. Katika simu hiyo ilibaki sauti yake, akiniagiza nazi na kunikaripia nisisahau bizari. Niliisikiliza kila asubuhi, hadi programu ya kurekodia ilipojisasisha na sauti ikawa bubu. Nikawaandikia wenye programu hiyo: "Chombo chenu kimeharibika. Kitengenezeni upesi. Wasalaam."

"Barua yako nimeila," alisema Kasoro. "Haikunishibisha. Ulifanya nini, ulitarajia nini, ukapata nini?"

"Nilibonyeza. Nilitarajia kukaripiwa. Nikapata kimya."

Kasoro akavua miwani, akaipangusa.

"Hapo sasa umesema. Toleo namba ngapi?"

"Mimi sina toleo, bwana. Nina umri."

"Namuuliza mgonjwa."

Simu ikakohoa, ikataja namba zake kwa unyonge.

"Sasa nionyeshe hatua."

Wodi inageuka ngazi. Napanda hatua ya kwanza: nafungua programu. Ya pili: natafuta rekodi. Ya tatu ni jikoni kwetu. Nazi imekunwa nusu, na kibao cha mbuzi kingali na joto la aliyekikalia. Nabonyeza. Kimya.

"Rudia," anasema Kasoro. "Kasoro isiyorudiwa haiaminiki."

Narudia. Kila nikibonyeza, mke wangu anafariki upya, nami nasimama wima bila chozi, kama wanaume tulivyofunzwa.

"Rekodi ipi hiyo?"

"Ya mama watoto."

"Akina mama watoto wamejaa humu, mzee. Jina."

"Mke wangu hatajwi mbele ya wanaume wasio jamaa zake. Hata mimi nilimwita Mama Sefu, tangu tulipojaliwa Sefu hadi nilipomzika."

"Basi utaletewa Mama Sefu yeyote atakayepatikana."

"Mtaje, mzee," simu ikanong'ona kutoka kitandani. "Ukaidi wako utaniua."

Nikakitazama kile kibao. Joto lilikuwa linapoa.

"Mwantumu," nikasema. "Mwantumu binti Hamadi!"

Kasoro akasimama kwa miguu yake yote sita, akafunga vifungo vya koti.

"Taarifa imekamilika. Lakini kilichofutika hakirudi. Pole sana, mzee wangu."

Ngazi zikakunjwa kama mkeka, nami nikiwa juu yake.

Niliamshwa na adhana ya alfajiri. Nikaichukua simu, nikazijaribu rekodi zote za zamani. Bubu, kama zilivyokuwa. Lakini chini yake palikuwa na nyingine, fupi mno, ambayo mimi sikuirekodi.

Nikabonyeza.

"Abee," aliitika mke wangu, kama aliye jikoni.