Jina Lililokatazwa Kachibora

Nakhumicha alikuwa Mkristo wa kweli katika mambo yote isipokuwa moja: shemejiye Wepukhulu. Mhubiri akisema kisasi ni cha Bwana, aliitika amina, kisha moyoni akamwomba Bwana afanye haraka. Ni Wepukhulu aliyemsingizia kwamba amemroga mumewe Kundu akafa, akamzuia mbele ya umati asitie hata konzi ya udongo kaburini, kisha akamfukuza kutoka Kanduyi na mtoto mgongoni. Nakhumicha akaja kulima Kachibora, huku upande wa Kitale, na chuki yake akaipalilia vizuri kuliko mahindi.

Mwaka jana Wepukhulu alikufa. Nakhumicha hakukanyaga matangani. Aliapa tu kwamba jina lile halitaitwa bomani mwake, maana mfu asiyepata mtoto wa kubeba jina lake amekufa kabisa. Na hivyo ndivyo alivyotaka, afe kabisa.

Sasa mjukuu wake wa kwanza alikuwa hapati usingizi, na titi alikuwa akilisusa. Daktari wa Kitale alimpima asione ugonjwa. Kevin, mwanawe na baba wa mtoto, aliyesomea Chuo Kikuu cha Kibabii, akasema ni gesi tumboni. Nakhumicha alimcheka. Gesi gani? Huyo ni Kundu amekuja kuomba jina! Akamwita wifi yake Nabwile kutoka Bungoma, awataje wafu wa ukoo mmoja mmoja huku Viola, mkewe Kevin, akimpa mtoto titi. Jina litakalomnyamazisha anyonye, ndilo lake.

"Kundu," akaanza Nabwile. Mtoto akageuza uso, akalia zaidi.

"Kundu!" akarudia Nakhumicha. Mtoto akarusha mateke.

Nabwile akataja babu, akataja na babu wa babu. Wapi! Akamtazama Nakhumicha kwa woga.

"Amebaki mmoja, wifi."

"Usithubutu!"

"Wepukhulu," akasema Nabwile.

Mtoto akalidaka titi, akanyonya.

"Si amechoka tu kulia, Mama," Kevin akasema. "Hiyo ni bahati tu, bana. Tumpatie jina yoyote."

Mlango wa Nakhumicha kutokea ulikuwa huo, wazi kabisa. Lakini kama roho hazirudi kuomba majina, basi hata Kundu hatarudi, si kwa mjukuu huyu wala kwa mwingine. Akimfungia Wepukhulu mlango, amemfungia na mumewe. Hata kaburini mtu yule alikuwa amepata namna ya kumshinda!

"Nipatie huyo mtoto," Nakhumicha akamwambia Viola.

Akamwinua, wakatazamana ana kwa ana.

"Umerudi, mshenzi wewe. Ulikosa boma lingine? Sawa, Wepukhulu. Hapa utanichotea maji. Utachunga ng'ombe yangu, na nikiita mimi nyanya yako utakuja mbio ukisema 'Kukhu, niko hapa.' Na siku nitakufa, wewe uliyeninyima udongo ya Kundu, utaniwekea yangu na hiyo mkono yako, na utalia mbele ya watu."

Mtoto akamcheulia maziwa kifuani.

Nakhumicha akampangusa mdomo kwa ncha ya leso, polepole, na akaukasirikia mkono wake kwa kuwa mpole hivyo.