Siku Mtandao wa Bohari Ulipolala

Darasani walimwita Shangazi. Siku ya kwanza ya masomo aliingia na mkoba wake begani, na kijana mmoja wa mstari wa nyuma akainuka kwa adabu, akamwambia, "Karibu shangazi, ofisi ya mkuu wa chuo ni ile ya mwisho kulia." Alimdhania ni mzazi aliyekuja kuuliza habari za mwanawe. Yeye akavuta kiti, akaketi, akatoa daftari. "Mimi mwanafunzi mwenzako, mjomba," alisema. Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka nao, na jina likamganda.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Kumi na saba kati ya hiyo aliimaliza kwenye duka la vifaa vya ofisi, akipiga chapa barua za watu na kutoa nakala. Kila mtandao wa duka ulipolala ilibidi asubiriwe fundi, aje aingize mkono nyuma ya kabati, afanye anachofanya, aondoke bila kusema neno. Shangazi alichoka kusubiri. Zaidi ya hapo, alitaka kujua huko nyuma ya kabati kuna nini. Duka lilipofungwa, akajiandikisha chuoni kusomea mitandao ya kompyuta: Jumatatu hadi Jumatano darasani, Alhamisi na Ijumaa kazini chini ya msimamizi. Mama yake mzazi, aliyeishi naye, aliuliza swali moja tu: "Mtu mzima unasomea nyaya?" Akajibiwa ng'ombe hazeeki maini, mazungumzo yakaishia hapo.

Masomo hayakumshinda. Kilichomtoa jasho ni kupata mahali pa kufanyia mafunzo. Ofisi ya kwanza waliisoma barua ya chuo, wakamtazama usoni, wakasema nafasi zimejaa. Ya pili hawakuzunguka mbuyu. Walitaka kijana wa kupanda ngazi. "Ngazi napanda," alisema Shangazi. "Nionesheni ilipo." Hawakumwonesha. Siku tisa kabla ya muda uliotolewa na chuo kwisha ndipo bohari la dawa likamkubali.

Bohari lilikuwa jengo refu la bati, makatoni yamepangwa mpaka karibu na dari, na malori yakiingia na kutoka kupeleka dawa zahanati za mbali. Msimamizi wake alikuwa fundi wa mtandao, mdogo kwake kwa miaka kumi. Madereva walimwita Kimya, maana maneno aliyatoa kama mtu anayepima dawa kwa kijiko. Siku ya kwanza alimpa Shangazi sheria moja.

"Dada, ukiharibu kitu, niambie. Usichomoe waya ili kuficha. Ukichomoa kabla sijaona, mimi nabaki kubahatisha."

"Nimekuelewa, fundi."

Wiki saba zilipita salama. Ikaja Alhamisi ya nane, siku ambayo mkufunzi wa chuo angefika saa tano kumkagua. Meneja wa bohari, mama mrefu asiyependa vumbi wala visingizio, alikuwa ametangaza tangu jana yake kwamba mgeni wa chuo anakuja na kila mtu asafishe chumba chake. Asubuhi ile jengo zima lilinukia sabuni.

Saa tatu na nusu Kimya alikuwa chumba cha baridi akirekebisha kipimajoto. Shangazi alikuwa peke yake, akiunganisha kompyuta mpya ya chumba cha kufungasha. Waya aliukata mwenyewe, akazipanga nyuzi zake nane rangi kwa rangi, akabana vichwa pande zote mbili, akaujaribu kwa kipimo: taa nane zikawaka kwa zamu, moja hadi nane, bila kuruka. Akaingia chumba kidogo cha kabati la mtandao, akatafuta tundu tupu kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, akachomeka. Taa ya kijani ikawaka. Shangazi akatabasamu.

Tabasamu halikufika mwisho. Taa zote za swichi zilianza kuwaka na kuzimika kwa pamoja, haraka haraka, kana kwamba zimepandwa na wazimu.

"Printa imekufa!" mtu alipiga kelele kutoka kufungasha.

"Na huku kompyuta zimeganda!" mwingine akaitikia.

Bohari lile halikutoa hata katoni moja bila karatasi ya kusafirishia, na karatasi ilitoka kwenye printa, na printa ilitegemea mtandao. Malori saba yalikuwa langoni. Mawili yalikuwa na maboksi ya baridi yenye chanjo, na jua lilikuwa limeanza kuuma. Honi ya kwanza ikalia. Ikafuata ya pili, ndefu.

Shangazi alizitambua taa zile. Alizichora darasani mwezi uliopita. Zikiwaka hivyo, maana yake kuna mzunguko: waya umetoka kwenye swichi na kurudi humo humo kwa njia nyingine, kwa hiyo kila ujumbe unaotoka mlango mmoja unaingia mlango wa pili, unatoka tena, unazaana, mpaka barabara yote inajaa na hakuna anayepita. *Ni mimi,* aliwaza. *Nimegusa mimi, dakika hii hii.*

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye waya. Kuuchomoa ni kitendo cha sekunde moja. Angeukunja, angeutia mfukoni, na mtandao ukirudi angesema hata yeye anashangaa. Nani angejua? Mkufunzi angefika akute kila kitu shwari. Alikumbuka uso wa yule wa ofisi ya pili, aliyetaka kijana. Akaukumbuka pia uso wa Kimya. Akaurudisha mkono, akaufunga ngumi, akatoka mbio.

Kwenye ujia alikumbana na meneja.

"Kuna nini?"

Shangazi alipiga moyo konde. "Nadhani ni mimi, meneja. Nimechomeka waya mpya, mtandao ukalala."

"Unadhani, au unajua?"

"Nadhani. Namwita fundi."

"Mwite upesi! Chanjo zile hazijui kama wewe ni mwanafunzi."

Maneno yale yalimchoma, lakini yalikuwa ya kweli, akayameza. Kimya alitoka chumba cha baridi na koti lake zito bado mwilini, akasikiliza akiwa anatembea. Mbele ya kabati alizitazama taa kwa muda, akaangalia saa, akaandika kitu kwenye kijitabu chake.

"Waya wako upi?"

"Huu."

"Uchomoe."

Shangazi akauchomoa. Wakangoja. Taa ziliendelea na wazimu wake vile vile, kama vile hakuna kilichotokea.

Kimya akamgeukia. "Si wewe, dada."

Maneno matatu. Pumzi aliyoishusha Shangazi ilikuwa ndefu mpaka Kimya akamwangalia mara mbili. Nje honi zilikuwa bado zinalia, mtandao ulikuwa bado umelala, ila jiwe lililokuwa kifuani mwake halikuwapo tena, na akili iliyokuwa imemkimbia ikarudi.

"Basi kuna mwingine," alisema. "Mahali fulani."

"Mtafute."

"Mimi?"

Kimya akakunja mikono, akaegemea ukuta.

Swichi ile ilitoa nyaya tano nene kwenda sehemu tano za bohari. Shangazi alichomoa wa kwanza, wa ofisi ya meneja. Taa zile zile. Akaurudisha, akataja saa kwa sauti, Kimya akaandika. Wa pili, kufungasha: zile zile. Wa tatu, langoni: zile zile. Alipochomoa wa nne taa zikatulia papo hapo, zikaanza kupepesa moja moja, taratibu, kama watu waliomaliza kugombana.

"Printa imefufuka!" ilisikika kutoka kufungasha, na makofi juu.

"Wa nne unakwenda wapi?" Kimya aliuliza, ingawa alijua.

"Mapokezi ya mizigo. Wengine wote wafanye kazi, huu ubaki nje. Nakwenda kuangalia."

Karani wa mapokezi alikuwa mwanamume nadhifu aliyekaribia kustaafu, mtu ambaye hata kalamu zake zililala zimepangwa kwa urefu. Chumba chake siku hiyo kiling'aa. Shangazi alimwamkia, akaomba ruhusa, akapiga magoti na kuingia chini ya meza. Huko kulikuwa na kisanduku kidogo cha kugawia mtandao. Akafuata nyaya kwa kidole. Mmoja, wa bluu, ulitoka kwenye kisanduku, ukajikunja nyuma ya mguu wa meza, ukarudi kwenye kisanduku kile kile. Ncha zote mbili zilikuwa zimechomekwa humo, kama mtu anayejipigia simu na kujipokelea mwenyewe.

"Kaka," aliita kutoka chini ya meza, "huu waya wa bluu uligusa leo?"

"Ndiyo. Ulikuwa unaning'inia vibaya tangu kompyuta ya pili ihamishwe. Karibu saa nne, nilipomaliza kupiga deki, nikaona mgeni asije akakuta waya umelala sakafuni. Nikaona tundu tupu, nikauchomeka." Sauti ikapungua. "Kwani nimefanya nini?"

Shangazi akauchomoa, akatoka huku utando wa buibui ukiwa umemkaa kichwani. Karani alikuwa amebadilika rangi. Na Shangazi, aliyekuwa katika hali hiyo hiyo nusu saa iliyopita, hakuwa na moyo wa kumkaripia.

"Umefanya usafi, kaka. Hujafanya kosa la kukunyima usingizi."

Aliposimama ndipo alipoona mlango umejaa watu. Meneja alikuwapo, Kimya nyuma yake, na pembeni yao mzee mwenye miwani na faili kwapani. Mkufunzi alikuwa amewahi.

"Nani?" meneja aliuliza.

"Mimi," alisema karani kabla Shangazi hajafungua mdomo. "Nilichomeka nisichokijua."

"Na mimi," alisema Kimya. Wote wakageuka. "Swichi kubwa ina ulinzi wa kukata mzunguko kama huu. Mwaka jana nilipoibadilisha sikuuwasha. Nilisema nitauwasha kesho yake."

Meneja aliwatazama mmoja mmoja. "Leo bohari hili limekuwa mahali pa kuungama dhambi?" Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Malori yanatoka?"

"Yanatoka," alisema Shangazi, akiyaona kupitia dirisha la mapokezi.

"Zile chanjo?"

"Ziko mbele kabisa."

"Basi mimi sina neno." Akaondoka, viatu vyake vikigonga sakafu safi.

Mkufunzi hakuuliza maswali aliyokuja nayo. Alikaa kwenye kiti cha karani, akafungua faili. "Mama, nimesikia langoni kwamba ulijitaja kabla hujathibitisha. Kwa nini?"

Shangazi alifikiri. "Mwalimu, ningekaa kimya, fundi angeanza kutafuta mbali, na kumbe mimi nimegusa kitu. Nilimwambia nilichogusa na saa niliyogusa. Hayo nilikuwa na uhakika nayo."

Mzee akaandika mistari mingi, akampa Kimya daftari la mafunzo. Kimya alishika kalamu kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, akaandika sentensi moja, akatia sahihi: *Anaweza kuachiwa kabati.*

Mchana Kimya alimkalisha Shangazi mbele ya kompyuta, wakauwasha ule ulinzi pamoja, yeye akiandika amri na Kimya akisoma. Walipomaliza na waya wa nne kurudishwa kwenye swichi, Shangazi mwenyewe alikwenda chini ya meza ya karani na kuurudisha waya wa bluu palepale, makusudi, huku karani amefumba macho. Safari hii tundu moja tu kwenye swichi lilijizima. Printa ya kufungasha haikusita hata kwa karatasi moja. Wakauchomoa waya, karani akapewa aukunje na kuutupa kwa mkono wake, na aliutupa kwa furaha.

Shangazi alifika nyumbani jua bado lipo, akavua viatu mlangoni, akajilaza kwenye mkeka jinsi alivyo. Mama yake akaja kumsimamia.

"Wamekufukuza?"

"Wamenisaini, mama."

"Ndiyo kufaulu huko?"

"Ndiyo kufaulu."

Mama akamtazama, akainama, akambandua utando wa buibui nyweleni. "Alhamdulillahi. Maana jirani tayari nimemwambia wewe ni fundi, na pasi yake imeharibika. Anakuja sasa hivi."

Shangazi alitaka kueleza kwamba pasi na mtandao ni vitu viwili tofauti. Badala yake alicheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akajifunika uso kwa khanga, na jirani alipobisha hodi alikuwa bado anacheka.