Wawili kwa Jina la Zumra

Kazi yangu ni kuwahangaikia watu wapate vitambulisho, na leo nimechoka hadi kwenye kope. Huku kwetu kusini mwa Serbia, sisi Waroma, wanaoitwa pia Wajipsi, wa mtaa wa chini wengi tumezaa kwa vitabu vya bima ya matibabu vya kuazima. Jirani yangu Selvija hakuwa na karatasi hata moja, kwa hiyo uchungu ulipomshika akabeba kitabu cha wifi yake, Zumra. Hospitali ikaandika: Elvana, binti wa Zumra. Nani alijali? Mtoto kazaliwa salama, tukala baklava tamu, basi.

Sasa Elvana ana miaka kumi na minane. Kiwanda cha nyaya kimemwita aanze kazi Jumatatu, na Jumapili kuna uchaguzi. Bila kitambulisho hapati hili wala lile. Nikampeleka ofisini pamoja na shangazi yake Zumra, mama yake wa kwenye karatasi.

Karani akatazama kompyuta, akaguna. "Mama, wewe sungura? Umezaa Januari, ukazaa tena Mei mwaka huohuo?"

Zumra akainamisha kichwa. Wa Januari alikuwa wake wa kumzaa mwenyewe. Hakumaliza hata wiki mbili, na baada yake hakujaliwa mwingine.

"Mmoja lazima afutwe," karani akasema. "Mkimfuta binti, ni mahakama na vipimo vya damu, mwaka mzima huo. Lakini huyu wa Januari si alishakufa? Mama aseme hakumzaa, waliandika kimakosa. Anatia sahihi, wiki hii binti ana kitambulisho."

"Wewe una akili kweli?" nikamfokea.

"Dada Sadeta, nawasaidia bwana! Maiti hapigi kura."

"Lete kalamu," Zumra akasema.

"Shangazi, acha."

"Nyamaza! Kazi kama hiyo utaipata wapi tena? Au unataka kudeki ngazi za watu kama mama yako?" Zumra akaichukua kalamu mezani. "Yule wangu haombi kazi."

Elvana akamnyang'anya kalamu. "Aliitwa nani?"

"Ferid," Zumra akasema. Miaka yote tuliyojuana sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo, na lilinichoma.

"Nifute mimi," Elvana akamwambia karani. "Mimi nina mama mwingine. Ferid hana."

Jumapili Zumra alikwenda kupiga kura. Elvana alimsindikiza hadi mlangoni, akabaki nje kwenye baridi amemshikia mkoba. Jumatatu kazi ilienda kwa mwingine.

Mimi nimeanza upya safari za mahakamani, mgongo unaniuma, na majibu ni yale yale, njoo kesho. Zumra kila akinikuta njiani hamuulizii Elvana.

"Ferid wangu bado yumo kwenye kompyuta yao?"

"Yumo, mama," namwambia. "Nimemwona leo."