Fomu Zilizojibiwa Salama

Wifi yangu amelala na viatu miguuni kwa miaka minne. Wala si kwa ajili ya baridi. Siku tuliyofukuzwa kwetu alikimbia peku, akaapa hatakutwa hivyo tena. Huku tulikopewa makazi nyumba ina mlango wa chuma na kufuli mbili, lakini yeye anapanda kitandani kamba amezifunga mafundo mawili mawili. Kaka yangu, mumewe, keshazoea kupigwa soli za mgongo.

Halafu akaanza kwenda kwa Mshauri, anayetibu hofu kwa mazungumzo. Kila Alhamisi saa nne asubuhi, chumba cha juu ya karakana ya baiskeli, ngazi zinanuka grisi, viti vya plastiki kila kimoja na rangi yake. Mshauri ni mama mtu mzima, mzaliwa wa huku, lugha yetu haijui, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Wananiita Redio, maana sizimwi. Alhamisi naipenda kuliko sikukuu. Watu wamejaa, chai inachemka, nani kaolewa, nani karudishwa kwao, na katikati ya umbea huo mtu analia, anafuta uso, anaomba sukari. Hapo ndipo Mshauri anapofanyia kazi yake.

Mwezi uliopita wifi alinivuta pembeni. "Cha kushoto nimekivua. Nimelala hivyo siku tatu."

"Na cha kulia?"

"Usinikimbize, wewe!"

Nilicheka hadi machozi. Sijui yalikuwa ya kicheko peke yake.

Sasa Alhamisi moja akaja mtu wa mfuko unaotulipia chumba na Mshauri. Tukampa kiti kisichoyumba. Alikuwa na kalamu ya kubofya, tak-tak, tak-tak, hata kabla hajafungua mdomo tulishambatiza Bwana Kalamu. Akasoma barua: huduma imetimiza lengo lake, walengwa wamepona, ufadhili unakoma mwisho wa mwezi.

"Nani kapona?" nikauliza.

"Nyote. Fomu ndizo zinazosema."

Akazitandaza mezani, fomu ishirini na tatu. Unapata usingizi? Una hofu? Unajiwa na kumbukumbu mbaya? Maswali tisa kila karatasi, na kila swali limewekewa alama kwenye kisanduku cha kwanza: hakuna tatizo.

Alama zile nilizitia mimi.

Siku ya kuzijaza nilisimama mlangoni na kikombe changu cha chai, nikawauliza mmoja mmoja wakiingia, mbiombio, nisipitwe na maneno ya ndani. Mama, usingizi je? Salama. Hofu? Hamna, tunashukuru. Tia alama, mwingine apite. Wifi yangu naye, na viatu vyake vile, aliniambia salama, nami ninayejua yote nikaandika salama.

Mshauri aliichukua fomu ya juu, akaisogeza mbele yangu. Afadhali angenitukana.

"Bwana," nikasema, "haya si majibu. Hizi ni salamu."

"Sikuelewi."

"Utaelewa sasa hivi." Nikamgeukia fundi cherehani, jitu la watu, mabega kama kabati. "Kaka, habari za kulala?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Salama tu."

Bwana Kalamu akabofya kalamu, kama aliyeshinda. Nikavuta kiti, nikakaa karibu na fundi, nikammiminia chai. Nikamwacha anywe nusu kikombe.

"Haya, kaka. Na kulala kwenyewe?"

Fundi akakitazama kikombe. "Nalala. Ila nikisikia pikipiki najikuta chini ya meza ya cherehani. Juzi nilikuwa na mteja. Nikamwambia natafuta kifungo."

Hakuna aliyecheka. Nikamtafsiria Bwana Kalamu neno kwa neno.

"Umesikia hiyo 'ila'? Kwetu mtu akiulizwa hali anasema nzuri hata ukuta umemwangukia. Ukweli unakuja baada ya ila, na ila haiji mpaka ukae."

"Fomu haina nafasi ya ila," akasema. "Na mkalimani akishasaini, hazibadilishwi. Bodi inakaa Jumatatu saa tatu."

"Mkalimani mwenyewe ndiye anayekwambia kakosea!"

"Basi waleteni wenyewe waseme," akajibu, huku akifunga mkoba. Nadhani alikuwa anatania.

Kumtania Redio! Kufikia Ijumaa mchana hapakuwa na jiko wala kinyozi ambaye habari haijamfikia. Jumatatu tukaingia ofisini kwa mfuko ule wote ishirini na tatu, Mshauri mbele. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na viti sita. Njiani nilishawaonya: atakayejibu nzuri leo, asinijue tena.

Binti wa mapokezi akatabasamu. "Habari zenu?"

Salamu hiyo ya huku kila mmoja wetu anaijua. Nikaona midomo inafunguka kwa mazoea, nikakaza macho. Wifi akatangulia.

"Mbaya."

Tabasamu la binti likakwama. "Samahani?"

"Mbaya," wifi akarudia, kisha akahamia lugha yetu. "Silali. Nasikia mlango unavunjwa, naamka, mlango mzima. Redio, mwambie. Usipunguze."

Sikupunguza.

Mlango wa kikao ukafunguka, Bwana Kalamu akachungulia. "Jamani, kikao ni cha faragha. Tafadhali, subirini nje."

Wifi akakaa kwenye kiti cha kwanza. Akainama, akafungua fundo la kwanza, la pili. Akavua cha kushoto. Mkono ukabaki juu ya kamba ya kulia. Halafu akakivua nacho, akaviweka vyote viwili chini ya kiti, ncha zikitazama ukutani.

"Mwambie sitoki."

"Hana haja ya kuambiwa," fundi cherehani akasema, "si anaona?" Naye akainama, akaanza kufungua kamba za kwake. Mshauri, na utu uzima wake, akafuata. Kamba zikafunguliwa ukumbi mzima.

Bwana Kalamu alizitazama soksi zetu, nyingine zina matobo. Akarudi ndani. Tukasikia wanabishana, sauti ya mwanamke ikipanda juu ya yake. Alipotoka tena alikuwa na rundo la fomu tupu.

"Bodi itasubiri," akasema. Akasimama mbele ya wifi, kalamu tayari. "Swali la kwanza. Usingizi?"

Wifi akamtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Redio, mwambie avute kiti," akasema. "Jibu ni refu."